Mbwa Asiyetaka Kuingia Kwanza

Mbwa aliitwa Katibu. Jina alipewa na Ogola, mwenye mbwa, kwa sababu kila watu walipokaa kuzungumza yeye alikaa pembeni, kichwa kimeinama upande, kama anayeandika kumbukumbu za mkutano. Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa na sikio moja lililokatika ncha, na hakuwa mbwa ambaye mtu angesimama kumpiga picha. Lakini Ogola, aliyekuwa soja, mlinzi wa geti, katika mtaa wa Ayany, alimpenda kuliko wengi wa wale aliowafungulia geti, na tuseme ukweli, wengine wao hawakustahili hata kufunguliwa.

Ogola alifia kazini, asubuhi, kifua kimemkaba akiwa ameketi kibandani, kabuti lake limefungwa vifungo vyote na gambuti zake za mvua miguuni. Ndugu wakachanga, wakamsafirisha hadi Siaya, wakamzika. Watu wa Ziwa wakifiwa hawafanyi mambo nusunusu: hema, kwaya, ng'ombe, na hotuba ndefu za watu ambao marehemu alikuwa akiwakwepa. Katika pilkapilka zote hizo hakuna aliyekumbuka kwamba kule Lindi, Kibera, katika chumba cha marehemu, mbwa alikuwa amefungiwa kwa kufuli.

Aliyekumbuka ni Awiti, dada yake mkubwa, na alikumbuka akiwa tayari amerudi Kibera, amesimama mbele ya karai lake akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki wenye pesa wakishachukua minofu. Alimwachia jirani karai na kukimbia kwa binamu yao Ojwang, fundi wa vitanda, aliyekuwa na ufunguo wa chumba. Ojwang alikuwa ameenda nao Siaya na kurudi nao mfukoni.

"Yesu," Ojwang akasema. "Mbwa!"

Awiti alikwenda huku ameziba pua kwa kanga, tayari kwa atakachokikuta. Akafungua kufuli, akasukuma mlango. Katibu alikuwa chini ya kitanda, anatetemeka mwili mzima, lakini hai. Wala hakuwa amekonda. Bakuli lake lilikuwa limejaa maji mpaka ukingoni, na kando yake palikuwa na tonge la ugali ambalo lilikuwa bado laini. Dirisha la chumba kile Ogola mwenyewe alikuwa amelipigilia bati na misumari tangu wizi wa mwaka uliopita.

"Nani alikuwa anamlisha?" Awiti akamuuliza Caren, mama wa chumba cha pili.

"Si nyinyi? Tulikuwa tunasikia redio kila siku, tukajua kuna mtu wenu ndani."

Redio ilikuwa juu ya rafu. Awiti aliishusha, akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma. Haikuwa na betri. Akairudisha mahali pake taratibu, akapiga magoti, akaita, "Katibu. Katibu, njoo. Njoo twende." Mbwa akatambaa kutoka chini ya kitanda, na wakatoka. Mengine Awiti hakuyauliza, maana kuna maswali ambayo mtu mwenye akili huyaacha yalale.

Taabu ilianza mlangoni pake mwenyewe. Katibu hakutaka kuingia. Alisimama kizingitini, akageuza shingo, akatazama nyuma kichochoroni, akangoja. Awiti akimvuta, anakaza miguu. Akimsukuma ndani na kufunga, anakwaruza mlango mpaka kucha zinatoka damu, na kilio chake si cha mbwa, ni cha mtoto aliyeachwa sokoni. Wapangaji wakavumilia, wakachoka, wakaenda kwa Mutie, msimamizi wa ploti.

"Mama Samaki, mimi sina ubaya na wewe," Mutie akamwambia. "Lakini watu hawalali. Jumamosi ikifika na hiyo mbwa bado iko hapa, nitaitupia nyama."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni nyama ya namna gani. Awiti alikasirika, akamwambia Mutie maneno ambayo siwezi kuyarudia, kisha akaingia ndani akakaa kitandani. Katibu ndiye kitu pekee cha Ogola kilichobaki duniani chenye pumzi. Kama angeshindwa kumtafutia mahali, basi angekuwa dada wa kazi gani?

Wa kwanza kumchukua alikuwa Kevin, kijana mwenye sehemu ya kuosha magari kule Sarang'ombe, aliyekuwa akisema siku nyingi anataka mbwa wa kulinda mashine. Alimchukua kwa mbwembwe nyingi. Kesho yake mchana alimrudisha, ameshika kamba kwa mkono ulionyooka mbali na mwili.

"Mathe, cheki. Hii dogi siwezani nayo. Iko na vitu."

"Vitu gani?"

"Ilikataa kuingia stoo. Nikaisukuma, nikafunga, ikalia mpaka wasee wakashindwa kufanya kazi. Sawa, nikaiwacha nje. Ikaanza kutembea na mtu."

"Mtu gani?"

"Si hiyo ndiyo nakushow! Hakuna mtu. Inatoka kwa mfereji inaenda mpaka geti, pole pole, inaangalia juu, venye dogi huangalia mwenyewe. Ikifika geti inageuka, inarudi." Kevin akashusha sauti, ingawa ilikuwa saa nane na Lindi nzima ilikuwa ikipiga kelele. "Na pale kwa simiti, mathe, pahali pakavu kabisa, tukaona alama za gambuti. Zimelowa. Ziko kando ya zake. Na sisi wote pale huvaa sandals za akala."

Awiti akacheka, kicheko kikubwa kupita kiasi. "Mnavuta nini huko?"

Kevin hakucheka. Akaweka kamba juu ya meza ya samaki, akasema "Pole, mathe," akaenda zake bila kugeuka.

Wa pili alikuwa Audrey, mteja wake, binti mpole aliyeishi na wazazi wake Ayany katika nyumba yenye kiwanja kidogo na ua wa michongoma. Audrey alimnunulia Katibu bakuli jipya na godoro dogo, godoro ambalo hata wanadamu wa Lindi wangeligombania. Awiti akapumua. Akajiambia kwamba taabu yote ile ilikuwa ya udogo wa vyumba, na kwamba mbwa naye anajua raha.

Alhamisi Audrey alimpigia simu. Awiti alifika alasiri, jua likiwa bado kali, akamkuta Katibu amelala kwa tumbo mbele ya mlango uliofungwa, macho yamekodolea geti, anatetemeka.

"Aunty, pole kwa kukusumbua," Audrey akasema.

"Amewauma?"

"Hapana. Hata hajabweka. Ni vile..." Audrey alitazama mikono yake. "Mum anasema nikuulize kama unajua soja wa hapa. Kila jioni tukishafunga mlango, mtu anazunguka nyumba. Anagonga geti na rungu, polepole, venye soja hugonga akicheki kama kila kitu iko sawa. Akigonga tu, Katibu analia anataka mlango ufunguliwe."

"Si mumuulize huyo soja wenu?"

"Aunty," Audrey akasema, "sisi hatuna soja."

Awiti alishika nguzo ya geti. Chuma kile kilikuwa kimepigwa na jua tangu asubuhi, na kilikuwa baridi. Alijua mtu mmoja aliyegonga mageti polepole. Aliwahi kumtania, kwamba atawatisha vipi wezi kwa kubisha kama mgonjwa, naye akamjibu kwamba hagongi kwa ajili ya wezi, anagonga ili walio ndani walale. Akachukua kamba, na mbwa akamfuata. Njia nzima kurudi Lindi hakuthubutu kutazama nyuma, na njia nzima Katibu hakuacha kutazama.

Alimkuta Ojwang akipiga randa ubao wa kitanda.

"Ojwang, siku ile ya safari, nani alienda kumwita Ogola?"

Randa ikasimama.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, na kila mtu kwao alilijua. Gari la maiti haliwezi kuingia vichochoro vya Lindi. Kwa hiyo kabla ya safari, mtu wa nyumbani huenda mpaka mlango wa marehemu, humwita kwa jina lake, na kumwambia gari limefika, twende nyumbani. Asipoitwa atabaki pale akishangaa wenzake wamekwenda wapi. Hata wale wanaoimba kwa sauti kubwa kanisani hufanya hivyo, ila hawamwambii mchungaji.

"Ni wewe ulienda," Ojwang akasema. "Wewe ni wa tumbo moja naye."

"Mimi nilikuwa mochari nikimvalisha! Wewe ndiye ulikuwa na ufunguo."

"Nilipewa ufunguo niweke! Hakuna mtu aliniambia niite."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amesafiri kwa usingizi mtamu akijua mwenzake amemaliza kazi. Jeneza lilikwenda Siaya, likaliliwa, likafukiwa, na mwenyewe akabaki chumbani na mbwa wake, akimpa maji. Na siku Awiti alipofungua kile chumba alipiga magoti akaita jina, lakini halikuwa jina la ndugu yake. Ogola hakuitwa na yeyote, basi akamfuata aliyeitwa.

"Mwite sasa," Ojwang akasema, akirudi nyuma kidogo kutoka alipokuwa mbwa. "Simama hapo nje, umwite, umwambie aende dala, nyumbani. Iishe."

"Na huyu?"

"Awiti, huyo ni mbwa."

Awiti alitaka kumpiga kwa ubao. Aliondoka akiwa na hasira, na aliyekutana naye kichochoroni alikuwa Mutie, mtu wa mwisho ambaye angependa kumwona. Mutie akamtazama mbwa, akamtazama Awiti na macho yake mekundu, akajikuna shingo.

"Sikia, Mama Samaki. Unafikiri napenda hiyo kazi ya nyama? Niko na shangazi Kawangware, pale Gatina. Anaitwa Wayua. Anauza makaa, na kila wiki wanamwibia. Amesema anataka mbwa. Lakini nikuambie mapema, yule mama ana maneno yake. Watu wengine hawamtembelei."

Ijumaa Awiti alifunga meza mapema. Hakuna makanga wa kumpandisha mbwa kwenye matatu, kwa hiyo walitembea, wakakata Barabara ya Ngong, wakashuka Kawangware, hewa imesimama na mawingu yameinama juu ya mabati. Gatina ilikuwa na kelele zake zote, spika za wahubiri, wauza malimali, pikipiki. Lakini Awiti aliposukuma geti la bati la Wayua na kuingia uani, kelele ile ikabaki nje, ghafla, kama mtu amefunika sufuria. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na cha pale kilimsimamisha nywele.

Bibi alitokea nyuma ya magunia, mdogo wa mwili, mweusi wa vumbi la makaa mpaka viwikoni, macho makali.

"Ni wewe umetumwa na Mutie? Karibu, mwanangu." Akaweka kiti kimoja cha Awiti, na kimoja chake. Kisha akachungulia nyuma ya bega la Awiti, akaguna, akalalamikia nyonga yake, akaenda kuleta kiti cha tatu. Alikiweka karibu na geti. "Mwambie naye aketi. Mtu mzima hasimamishwi mlangoni kama mdai kodi."

Awiti aligeuka. Palikuwa na geti, na magunia, na hapakuwa na mtu. Katibu alikuwa akikitazama kile kiti, na mkia wake uligonga chini mara moja.

"Nani, shosho?"

"Huyo wa kabuti. Na joto hili, kabuti lote amefunga vifungo."

Awiti akaketi. Akasema yote: kibanda, safari, ufunguo, bakuli la maji, Kevin, geti la Audrey. Alisema huku akilia, akijilaumu, akimlaumu Ojwang, akijilaumu tena. Wayua alimsikiliza bila kushangaa hata kidogo. Alikuwa amejimegea kipande cha muhogo, na kabla ya kukitia mdomoni alidondosha chembe chini, ya wale waliotangulia, kama wazee wa Kitui walivyomfundisha, ingawa kila Jumapili alikaa safu ya mbele kanisani na hakuona ubaya wowote.

"Mimi nimwoneje wewe usimwone?" akasema mwishowe. "Labda ni kwa sababu unamlilia. Macho ya kulia hayaoni mbali. Lakini huyu mbwa, mwanangu, mmemwonea bure. Mnasema ni mwoga wa nyumba. Yeye haogopi nyumba. Kila mahali mnamwingiza yeye ndani, halafu mnamfungia mwenzake nje."

Wayua akainuka. Akaufungua mlango wa chumba chake mpaka mwisho, akasimama kando, akaangalia kile kiti cha tatu. "Tangulia wewe," akasema, kwa sauti ya kawaida ya mwenye nyumba. Akangoja kiasi cha mtu mzito kuinuka na kuvuka ua. Kwenye vumbi jeusi la makaa, alama ya gambuti ikajichora, kisha nyingine mbele yake, nyingine, mpaka kizingitini. Katibu alikuwa amesimama, masikio juu. Alama zilipokwisha kuvuka mlango, aliinua mkia akaingia nyuma yake kwa hatua za madaha, kama mwenyekiti wa harusi.

Awiti naye aliingia. Wayua akaurudisha mlango. Komeo likaingia mahali pake, na Katibu hakulia. Alizunguka juu ya gunia kuukuu, akajitupa, akageuza tumbo juu, miguu minne hewani, akalala usingizi mzito mbele ya kiti cha marehemu mzee wa Wayua, ambacho hakikuwa na mtu, na ambacho mto wake ulikuwa umebonyea.

"Unaweza kumwita sasa," Wayua akasema. "Ukimwita ataenda. Ni wenu, si wangu. Lakini kwanza tazama."

Awiti aliyajua maneno. Yalikuwa kwenye ulimi. Kule Siaya kulikuwa na kaburi lenye mwili usio na mwenyewe, na mama yao aliyekuwa akilifagia kila asubuhi. Kumwacha mtoto wa watu kwa wageni, Kawangware, ndani ya nyumba ya makaa ya Mkamba ambaye hata hawajui jina la baba yake! Ukoo ungesema nini? Alimtazama mbwa. Tumbo lake lilikuwa likipanda na kushuka polepole. Angeita, na mbwa angeamka, angekimbilia mlango, na kesho ilikuwa Jumamosi. Tena alimwonea wivu, hilo nalo lisemwe. Mbwa alikuwa akimwona Ogola, na yeye dada haoni kitu ila mto uliobonyea.

Akafumba mdomo.

"Shosho, akikusumbua utaniambia?"

"Anisumbue? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu mzee wangu aende, sijasikia mtu akizunguka nyumba hii na nia nzuri." Akamfungulia mlango. "Nenda kabla mvua haijaanza. Mbwa atakula, usiwe na wasiwasi."

Awiti akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Akasimama uani na kamba tupu mkononi, akingoja kilio. Hakikuja. Alichosikia ni sufuria kuwekwa jikoni, kisha sauti ya Wayua.

"Sukari vijiko vingapi?"

Kukawa na kimya, kirefu cha kutosha jibu.

"Vinne! Haya. Ni meno yako."

Kijiko kikaanza kukoroga. Ogola alikuwa mtu wa vijiko vinne, na kwa hilo alisemwa tangu utotoni, na katika maneno yote ambayo Awiti alikuwa amemwaga pale uani, hilo hakulitaja. Akasogea, akaweka sikio kwenye bati. Ndani mbwa alishusha pumzi ndefu. Mkono wa Awiti uliinuka wenyewe kubisha hodi, aombe na yeye kikombe, aketi nao japo kidogo, lakini alijua kwamba akiingia hataona ila bibi mmoja na mbwa mmoja. Akaushusha. Akaketi juu ya gunia la makaa, akalia jinsi ambavyo hakuweza kulia Siaya, ambako watu walikuwa wengi na kila mtu alikuwa akimtazama.

Geti likalia. Mwanamke mmoja mwenye ndoo akaingia, akamwona, akasita.

"Samahani, mama. Mwenye makaa yuko?"

Awiti akajipangusa uso, akajipaka masizi mpaka masikioni.

"Yuko," akasema. "Yuko ndani na watu wa nyumbani. Ngoja kidogo, wanakunywa chai."